Miraba Sita Chini ya Kisanduku

Mtu akikuambia kwamba Fundi Yakubu wa Bwiza aliwahi kuchora kiboko ndani ya mto Amazoni, usinitetee. Ni kweli. Alikuwa kiboko mnene, kafungua mdomo, na meno yake niliyapaka nyeupe mara mbili ili yaonekane kutoka upande wa pili wa uwanja wa shule. Nilipoulizwa kwa nini nimemweka pale, nilijibu kama ambavyo mtu yeyote aliyekulia Bujumbura angejibu: mto mkubwa una viboko. Rusizi unao. Amazoni ni mkubwa kuliko Rusizi, kwa hiyo unao wengi zaidi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotengeneza ramani kwa kompyuta na kuzichapa kwenye turubai la plastiki. Sina kinyongo na mashine zenu. Nimekaa katika chumba kimoja cha uchapaji hapa mjini nikaona Asia nzima inatoka kabla sijamaliza kikombe cha chai, na mipaka yake ilikuwa sahihi kuliko yangu. Lakini niliona pia mahali mlipoweka kisanduku cha maelezo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwa miaka thelathini na moja nilichora ramani kwenye kuta za shule. Mtaani kwetu Bwiza waliniita Fundi Karata, maana kwetu ramani ni karata, na zaidi ya mara moja mgeni alinigongea mlango akitaka tucheze. Shule niliacha darasa la sita. Mengine yote nimejisomea polepole, kwa rula na daftari, na mtanisamehe nikipima kila kitu. Brashi niliiweka chini mwaka juzi, mkono ulipoanza kutetemeka kwenye herufi ndogo.

Njia yangu ilikuwa ya miraba. Unachukua picha ndogo kitabuni, unaigawa kwa penseli katika miraba ya sentimita mbili. Ukutani unapiga miraba ya sentimita arobaini kwa kamba iliyopakwa chaki: wewe unashika mwisho mmoja, msumari unashika wa pili, unaivuta kamba na kuiachia, inapiga ukuta na kuacha mstari ulionyooka kuliko wa rula yoyote. Halafu huchori ramani nzima, unachora mraba mmoja tu, kisha wa pili. Mtu anayetazama bara zima anaogopa. Anayetazama mraba mmoja anafanya kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, mchoraji wa mabango ya maduka. Nusu ya vichwa vilivyochorwa kwenye milango ya vinyozi wa Bwiza vilitoka mkononi mwake, vyote vikiwa na sura moja, na ilikuwa sura yake alipokuwa kijana. Alinifundisha herufi, na kabla ya herufi alinifundisha ukuta. Somo hilo nililipata kwa aibu. Shule moja ya Mutanga Nord ilikuwa na haraka, nikachora Afrika kwenye plasta ambayo haijakauka. Wiki ya tatu Misri ilianza kubanduka, kisha Sudani. Mzee Feruzi alikuja, akaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo muda mrefu, kama daktari.

"Sha, hii ukuta iko na homa," akasema. "We umevalisha mutu mugonjwa koti ya harusi."

Tangu hapo sikuwahi kugusa rangi kabla ya kubandika kipande cha plastiki kwenye plasta kwa siku nzima. Ukikibandua ukakuta unyevu kwa ndani, rudi nyumbani. Hata ninyi wa turubai, mnapotoboa ukuta kuweka misumari, jaribuni.

Somo lake lingine lilihusu kile kisanduku kinachoeleza alama za ramani: mshale mwekundu ni nini, nukta nyeusi ni nini. Tulikiita lejande.

"Karata yote iko na fasi moja ya bure," aliniambia, yaani mahali patupu. "Fasi hakuna jina, hakuna barabara, hakuna kitu. Unatafuta ile fasi, unaweka lejande yako pale. Ni kama meza: sahani unaiweka pahali hakuna sahani ingine."

"Na kama fasi ya bure ni kubwa sana, Muzee?"

"Weka nyama. Simba, tembo, kitu yenye meno. Watoto wanapenda. Na Diregiteri wa shule anapenda kuliko watoto."

Niliishi na sheria hiyo miaka kumi na sita bila mtu kunilalamikia. Tembo wangu wamesimama katika sehemu nyingi za dunia.

Sasa nifike mtaa wa Nyakabiga. Shule ilikuwa na ukuta mzuri kuliko zote nilizowahi kupata: unatazama mashariki, plasta ya miaka mingi, kavu, bila ufa. Diregiteri, mkuu wa shule hiyo, alikuwa mtu mfupi mwenye tai na sauti iliyofika barabarani. Alitaka ramani ya somo la historia, jinsi Wazungu wa kwanza walivyovuka bahari na kufika Amerika. Alinipa kitabu chenye picha ya sentimita ishirini kwa kumi na nne. Hesabuni wenyewe: miraba kumi kwa saba, yaani ukutani mita nne kwa mita mbili na sentimita themanini. Juu yake niandike kwa Kifaransa, herufi kubwa: Les grandes découvertes, kwamba ni ugunduzi mkubwa.

Katika picha ile Amerika ilikuwa ya njano tupu. Mishale ilitoka Ulaya, ikagusa visiwa, ikagusa pwani, ikaingia bara. Kila mshale ulikuwa na jina la baharia. Ardhi yenyewe haikuwa na jina hata moja. Maelezo ya alama yalikuwa chini ya picha, nje ya mistari, lakini ukutani nje hakukuwa na nafasi: kulia dirisha, kushoto bomba la maji ya mvua, chini miguu ya watoto na matope. Nikatafuta fasi ya bure. Niliipata katikati ya Amerika ya Kusini, miraba sita, mitatu kwa miwili. Nikaweka kisanduku cheupe chenye pambo pembeni. Kando yake ulibaki mkono wa mto, nikamweka kiboko.

Fahari yangu ilikuwa baharini. Hapo nilichora merikebu ya matanga, kamba kwa kamba, siku tano. Nilihesabu kamba katika picha tatu tofauti ili nisikosee. Watu wa Nyakabiga walikuwa wanasimama barabarani kuitazama, na habari zikamfikia Mzee Feruzi, akasema atakuja kuiona siku ya wageni. Maana Diregiteri alikuwa amewaalika wakuu wawili wa shule nyingine, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kila mmoja wao alikuwa na ukuta mtupu. Mzee Feruzi ndiye aliyenipeleka kwa Diregiteri na kunidhamini kwa jina lake. Ukuta ule ukipendwa, nina kazi ya mwaka mzima. Ukiharibika, majina mawili yameharibika.

Nilimaliza Alhamisi. Jumatatu akatokea Madamu Espérance.

Alikuwa mwalimu wa historia, mwembamba, mwenye mwavuli kiangazi na masika. Hakuutumia kujikinga, aliutumia kuonyeshea. Alisimama na wanafunzi wake nyuma, akauinua mwavuli hadi puani mwa kiboko.

"Fundi, bonjour. Huyu ni nani?"

"Kiboko, Madamu."

"Amefika namna gani?"

"Anakaa pale. Kwenye mto."

"Apana, Fundi. Kiboko iko Afrika tu. Basi huyu alivuka na hii bateau yako?" Mwavuli ukaelekea kwenye merikebu. "Walimuweka wapi, chini ama juu?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana kiboko ni kosa la kufuta kwa nusu saa. Halafu mwavuli ukahamia kwenye kisanduku.

"Na hapa chini, nani anakaa?"

"Hapo ni lejande, Madamu."

"Naona lejande. Nauliza chini yake."

"Apana mutu. Ni pori."

"Nani alikuambia?"

"Kitabu."

"Kitabu ilisema ni pori?"

Nikafikiri. Mimi ni mtu wa kupima, siwezi kusema uongo juu ya kitu nilichokipima. "Kitabu haikusema kitu."

"Basi ni we umesema."

Akamtuma mwanafunzi kwenye kabati la walimu, naye akarudi na kalenda ya zamani ya kampuni fulani ya biashara, karatasi ngumu, imekatika pembe. Ilikuwa na ramani ya Afrika na mazao yake: kahawa, pamba, mawese. Katikati ya bara, mchoraji alikuwa ameweka kisanduku cheupe chenye pambo pembeni. Pambo lilifanana na langu.

"Tafuta Bujumbura," akasema.

Nilitoa rula. Nilianzia kwenye pwani ya mashariki, nikahesabu, nikafuata ziwa kutoka kusini. Ziwa lilipanda vizuri hadi nusu, kisha likaingia chini ya kisanduku na halikutoka. Mji wetu ulikuwa chini ya neno "kahawa". Bwiza, nyumba ya mama yangu, msikiti wetu, kaburi la baba, vyote viko chini ya ile herufi ya k. Na mtu aliyefanya hivyo hakuwa na ubaya wowote na sisi. Nilimjua mtu huyo vizuri. Alitafuta fasi ya bure.

Nilikwenda ofisini kwa Diregiteri nikamwambia nataka kufuta kisanduku na kuanza upya sehemu kubwa ya bara.

"Yakubu, we ni mugonjwa? Ukuta imekwisha. Iko mzuri. Wageni wanakuja."

"Nina siku kumi na mbili."

"Na kama haikwishe?"

"Itakwisha."

"Sikiliza. Kama Jumamosi ya wageni nafika hapa nakuta matope-matope, nachukua chokaa, napaka ukuta muzima, na Feruzi namwambia asiniletee tena mutu. Umesikia?"

Nilisikia. Nikaenda maktaba ya mji.

Siku tatu nilikaa pale tangu ilipofunguliwa hadi ilipofungwa, na kamusi pembeni, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa cha mabango. Nilisoma kama nilivyochora, mraba kwa mraba. Katika daftari niliandika namba ya mraba, na chini yake: nani anakaa hapa? Sikuruhusu mraba wowote kubaki bila jibu au bila alama ya kuuliza.

Katika miraba sita iliyokuwa chini ya kisanduku changu nilikuta vijiji. Wasafiri wa kwanza walioteremka mto ule kwa mashua waliandika kwamba waliona makazi yakifuatana kandokando ya maji. Waliopita baadaye sana walikuta msitu, wakasema hapajawahi kukaa watu. Katikati ya safari hizo kulikuwa na magonjwa ambayo miili ya wenyeji haikuyajua, na vijiji vizima vilibaki bila mtu wa kuzika. Kwa hiyo kisanduku kilikuwa kimewekwa mara mbili, na cha kwanza hakikuwa cha rangi, kilikuwa cha magonjwa. Nilisoma pia kwamba watu wa mto ule walitengeneza udongo mweusi wenye rutuba kwa mikono yao, kwa majivu, mkaa na mabaki ya chakula, na hadi leo unalimwa.

Magharibi ya kisanduku zilipita barabara za Wainka, zilizopanda milima, na hesabu za nchi yao waliziweka kwa mafundo kwenye nyuzi. Mimi mtu wa kamba ya chaki nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Kaskazini, Wameksika walijenga mji katikati ya ziwa, wakaufunga na nchi kavu kwa njia zilizoinuliwa juu ya maji, na mashamba yao waliyajenga ziwani kwa tope na fito. Kaskazini zaidi, Wahaudenosaunee walikuwa mataifa matano yenye baraza moja, na wanaume wa baraza walichaguliwa na kina mama wa koo. Sikuandika kwamba walikuwa malaika. Wameksika walipiga vita na kudai kodi kwa majirani, na baadhi ya majirani hao waliungana na Wahispania kuwaangusha. Hilo nalo liko daftarini. Na niliandika yaliyofuata mishale: ardhi zilizochukuliwa, watu waliopelekwa migodini kwa nguvu, watoto waliokatazwa lugha zao. Brashi yangu haikuweza kuchora hayo, lakini nilijua kwamba yapo ndani ya kila mshale.

Ijumaa nikaanza. Rangi ya mafuta yenye kung'aa haipakwi juu yake hivi hivi. Unaikwaruza kwanza kwa kisu kipana cha plasta, unasugua kwa msasa hadi mng'ao usionekane, unafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, unapaka rangi ya kwanza, unasubiri. Kusubiri ndiko kulikonitoa jasho. Niliandika majina ya watu wale moja moja, kwa rangi ya kijivu.

Madamu Espérance alipita na mwavuli. "Kwa nini kijivu?"

"Nimeweka kama heshima. Wamekufa."

"Nani amekufa? Wameuawa wengi, ndiyo. Lakini wako, Fundi. Wengine wanaenda shule leo, wanaandika lugha yao. Kijivu ni rangi ya makaburi."

Nikasugua tena, nikaandika kwa nyeusi, herufi zile zile nilizotumia kwa majina ya mabaharia, urefu ule ule. Nilipima.

Ikabaki lejande. Bila lejande mishale haina maana, na mwanafunzi haelewi kitu. Nje hakukuwa na nafasi. Ndani ya bara sasa hakukuwa na fasi ya bure hata sentimita. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikatazama ukuta mzima, jambo ambalo sikuzoea kulifanya. Mahali pekee ambapo kweli hakuna aliyekuwa na nyumba, shamba wala kaburi la babake palikuwa baharini. Na baharini palikuwa na merikebu yangu.

Niliipima. Miraba mitatu kwa miwili.

Madamu Espérance aliona nilichokuwa nakipima. Kwa mara ya kwanza aliuteremsha mwavuli. "Unaweza kufanya ingine, ndogo," akasema.

"Ndogo haina kamba," nikamjibu.

Niliifuta asubuhi ya Jumatano. Tanga kubwa ndilo lililokuwa gumu kutoka, kwa sababu nililipaka rangi tatu. Mishale niliiacha yote, na kwenye ncha ya kila mmoja nikaweka kijimerikebu cha ukubwa wa kidole gumba. Walikuja, na ramani lazima iseme walikuja.

Alhamisi nilikuwa namalizia majani ya muhogo kwenye ule mto, mahali alipokuwa kiboko, Diregiteri alipotoka kula mchana. Alisimama nyuma yangu, kijiti cha meno mdomoni.

"Nini hii?"

"Muhogo, Diregiteri."

"Muhogo, Amerika?"

"Ulitoka pale. Wareno waliuleta na merikebu zao."

"We Yakubu! Mama yangu alilima muhogo. Bibi yangu alilima muhogo. Muhogo ni ya Burundi!"

Madamu Espérance alikuwa na darasa lake kivulini, akasikia. Wote walisikia. "Diregiteri," akasema kwa upole, "mama alikuwa anafanya nini na muhogo muchungu, mbele ya kusaga?"

"Analoweka. Siku tatu, ine."

"Sababu gani?"

"Sababu iko na sumu, Madamu! Hata mutoto anajua."

"Na mutu wa kwanza, nani alimwambia?"

Diregiteri alikitoa kijiti mdomoni. Akatazama mraba wangu, akatazama mto, na niliona kwamba alikuwa anamwona mama yake na beseni la maji. Madamu akaeleza kwamba watu wa mto ule ndio waliopata njia ya kuutoa sumu, kwa kukuna, kukamua na kuloweka, kwa muda ambao hakuna anayeujua. Akaeleza kwamba Wataino wa visiwani walimpa yule baharia wa kwanza mkate wa muhogo.

"Na mahindi?" Diregiteri akauliza, sauti ikiwa imeshuka.

Mwavuli ukaonyesha nchi ya Wameksika na majirani zao. "Pale."

"Maharage?"

"Pale, na pale."

"Bon. Sasa mi nimekula nini saa hii?"

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akajibu: "Amerika, Diregiteri. Umekula Amerika na mafuta ya mawese."

Diregiteri alicheka hadi tai ikapinda. Kisha akainua kidole. "Kichwa kinabaki. Les grandes découvertes iko mu programu." Nikakiacha. Sikushinda kila kitu, na sikuwa na siku za kutosha.

Jumamosi Mzee Feruzi alifika mapema kuliko wageni, kofia ya Ijumaa kichwani, amevaa kama anakwenda kwenye nikahi. Alitazama ukuta kutoka kushoto hadi kulia. Akautazama tena.

"Merikebu iko wapi?"

"Chini ya lejande, Muzee."

"Lejande iko mu maji?"

"Ndiyo."

"Umezika merikebu ya kamba mia, sababu ya majani ya muhogo?"

"Nimeizika."

"Na ile nilikufundisha?"

Nilimwonyesha miraba sita na kumsomea majina yaliyokuwa pale, moja moja. Alisikiliza na mikono nyuma. Wageni wakaingia. Mmoja wao akasema kwa sauti: "Lakini tuliambiwa kuna merikebu!" Diregiteri alichukua mwavuli wa Madamu Espérance bila kuomba.

"Merikebu imefika zamani," akasema. "Sasa tunaangalia wenye nchi." Na akaeleza muhogo, kuanzia mama yake hadi Amazoni, kana kwamba alizaliwa anaujua. Alipomaliza, mkuu mmoja aliniuliza nitaanza lini kwake. Wa pili alisema ukuta wake atauacha mtupu kwanza. Nilipogeuka, Mzee Feruzi alikuwa ameshaondoka bila kuniaga. Ile kazi niliyoipata haikuwa na ladha siku ile.

Jumatatu asubuhi aligonga mlango wangu. Alikuwa na kisu cha plasta mkononi.

"Iko na ngazi?"

"Iko, Muzee."

"Ilete."

Tulikwenda kwenye ukumbi wa ofisi ya mtaa wa Bwiza ambako miaka mingi nyuma alikuwa amechora ramani ya mji wetu, kazi aliyoipenda kuliko zote. Mitaa ilikuwepo, soko, bandari, ziwa. Juu, upande wa kaskazini, kulikaa kisanduku chake cheupe chenye pambo, mama wa visanduku vyangu vyote.

"Hapa leo ni Mutanga Nord na kupanda," akasema. "Wakati ule nilisema ni mashamba tu."

"Mashamba ya nani, Muzee?"

"Ya mama mukwe wangu," akasema. "Alikuja kwa ufunguzi, aliangalia, alienda. Hakunisemesha miaka mbili. Mi sikujua sababu mpaka Jumamosi. Shika ngazi."

Nilishika. Alikwaruza kwa mkono wa mtu aliyezoea, na rangi ilianguka mabegani mwangu kama unga. Chini ya kisanduku hakukuwa na kitu chochote, ni plasta tupu, maana hakuwahi kuchora hapo. Vinyozi, akina mama wa sokoni na watu waliokuja kuulizia vyeti walianza kusimama nyuma yetu. Mzee Feruzi aligeuka juu ya ngazi, akachomoa brashi nyembamba mfukoni.

"Nani alikuwa na watu wake pale juu?" akauliza. "Nitajieni."

Mtu mmoja akataja kilima. Mwingine akataja kisima, na jina la mwenye kisima. Mwanamke mmoja akataja njia ambayo bibi yake alishuka nayo na vikapu. Wakaanza kusahihishana, kisha kugombana, kisha wakaenda kuwaita wazee wao. Tulimaliza Jumatano, na majina ya mwisho tulilazimika kuyaandika kwa herufi ndogo sana, kwa sababu nafasi haikutosha.